Olduvai au Olorgesailie? Ulinganisho kwa familia inayotaka kuona nyayo na zana za binadamu wa kale

Familia ya Afrika Mashariki ikipanga likizo ya kuona visukuku, majina mawili hutajwa kabla ya mengine: Olduvai upande wa Tanzania na Olorgesailie upande wa Kenya. Yote mawili yalichimbwa na akina Leakey, familia ya watafiti wa binadamu wa kale, na yote yana jengo dogo la makumbusho kando ya eneo la uchimbaji. Kufanana kunaishia hapo. Olorgesailie ni safari ya siku moja kutoka Nairobi, na jioni mko nyumbani. Olduvai ni safari ya siku mbili kutoka Arusha, kwa uchache, tena ndani ya hifadhi yenye masharti na ada zake. Olorgesailie unaona vitu vyenyewe vikiwa vimelala chini pale vilipofukuliwa. Olduvai unaona mahali na kusikia habari zake, maana vitu vyenyewe vilishahamishwa zamani.

Hilo la mwisho ndilo linalowaangusha wazazi wengi. Mtoto ameona picha ya fuvu kwenye kitabu cha historia, amekaa garini saa nyingi, amefika, anauliza liko wapi, anaonyeshwa nakala ya plasta. Fuvu la Zinjanthropus, zamadamu (jamaa wa kale wa binadamu), ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai tarehe 17 Julai 1959, linahifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mifupa ya Kijana wa Turkana, zamadamu mwingine, iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984 huko Nariokotome, karibu na Ziwa Turkana, iko Nairobi. Kwa hiyo usichague eneo la uchimbaji peke yake. Chagua jozi: eneo pamoja na makumbusho ya mjini yanayolikamilisha. Ukipima hivyo, uamuzi unakuwa rahisi zaidi.

Na kabla ya kufunga mizigo, mwambie mtoto mapema kwamba huku hakuna dinosaria. Dinosaria walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, na vitu vya kale kabisa vilivyochimbwa Olduvai vina miaka milioni 2 hivi. Dinosaria wa Tanzania walichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, na yule mkubwa mwenye shingo ndefu amesimamishwa Berlin hadi leo, ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Ni habari ya kusikitisha kidogo, lakini ni heri mtoto aisikie nyumbani kuliko aisikie getini.

| | Olorgesailie | Olduvai |
|---|---|---|
| Mahali | Kaunti ya Kajiado, Kenya, kando ya Barabara ya Magadi | Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, Tanzania |
| Umbali | Kilomita 65 hadi 70 kutoka Nairobi; saa moja na nusu hadi mbili | Arusha hadi Karatu karibu saa 3; Karatu hadi Olduvai saa 2 na nusu au zaidi |
| Gari | Gari dogo linafika | Gari la kuhimili barabara mbaya, 4x4 |
| Umri wa vitu | Kuanzia miaka milioni 1.2 hivi | Kuanzia miaka milioni 2 hivi |
| Utaona nini | Mashoka ya mawe mamia kwa mamia, mifupa ya tembo wa kale | Korongo, matabaka ya udongo, makumbusho makubwa zaidi, nakala ya nyayo za Laetoli |
| Kutembea kwa miguu | Saa moja hadi moja na nusu juani | Kidogo, usiposhuka korongoni |
| Makumbusho pacha | Nairobi (mafuvu halisi) | Arusha (nakala), Dar es Salaam (Zinjanthropus) |

Barabara

Tuanze na Olorgesailie kwa kuwa ndiyo nyepesi. Unatoka Nairobi kupitia Rongai na Kiserian, unapanda hadi Corner Baridi kwenye bega la vilima vya Ngong, kisha unateremka Bonde la Ufa. Ni lami mwendo wote, ingawa nyembamba na yenye mashimo hapa na pale. Foleni iko Rongai, na Jumamosi asubuhi inaweza kula saa nzima. Ukipita pale kabla ya saa 1 asubuhi umeikwepa. Jaza mafuta Kiserian na ununue maji hapo hapo, kwa sababu mbele maduka yanapungua upesi.

Kuteremka ndiko kunakosumbua watoto. Kutoka Corner Baridi hadi Olorgesailie unashuka karibu mita 1,000, kwa kona nyingi. Masikio yanaziba, na mtoto mwenye tabia ya kutapika garini atatapika hapa. Mpe kifungua kinywa chepesi, mkalishe pale anapoona barabara ya mbele, mwondolee simu mkononi. Kurudi, mtihani ni wa gari: unapanda mlima wote huo kwenye jua la alasiri, injini za zamani zinachemka. Ukiona sindano ya joto inapanda, zima kiyoyozi kwanza, na ikizidi, egesha pembeni ungoje. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Panga kuondoka eneo hilo kufikia saa 9 alasiri ili giza lisikukute barabarani, kwani jioni ng'ombe na mbuzi wanarudishwa nyumbani wakivuka lami bila haraka.

Olduvai ni habari nyingine kabisa. Kutoka Arusha unakwenda Makuyuni, unakata kulia, unapita Mto wa Mbu, unapanda ukuta wa Bonde la Ufa hadi Karatu. Hadi hapo ni lami nzuri. Lala Karatu. Wanaojaribu kutoka Arusha, kuona Olduvai na kurudi siku hiyo hiyo humaliza siku yao ndani ya gari, na mtoto hakumbuki chochote ila kutikisika. Asubuhi inayofuata unaingia geti la Loduare, unapanda msituni hadi ukingo wa kasoko (kreta) ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, halafu unateremka upande wa pili kuelekea nyanda za Serengeti. Barabara ya vumbi ina matuta madogo madogo kama ubao wa kufulia, na ndiyo yanayolegeza nati na kupasua tairi. Gari liwe na tairi mbili za akiba kama zinapatikana, na jeki ijaribiwe kabla ya safari. Siti za nyuma kabisa hurushwa zaidi, basi wadogo wakae katikati.

Kuna jambo la mavazi linalowashangaza wengi. Kule juu ukingoni, hasa Juni hadi Agosti, kuna ukungu na baridi ya kuvaa sweta na soksi; saa moja baadaye Olduvai ni jua na vumbi, maana milima ya Ngorongoro inazuia mvua na upande huu unabaki mkavu. Sweta zisiwekwe kwenye begi lililofungwa juu ya gari. Ziwe mapajani, pamoja na kitambaa cha kufunika pua na maji ya kunawa uso.

Njia panda ya Olduvai ina mnara wa mafuvu mawili makubwa ya saruji, la Zinjanthropus na la Homo habilis, aina nyingine ya zamadamu. Kutoka pale hadi makumbusho ni kama kilomita 5. Watoto watataka picha, na mnara hautozwi ada ya ziada, lakini usikae sana. Mwongozaji na kivuli viko mbele.

Ukifika, unaona nini?

Olorgesailie ilikuwa bonde la ziwa. J. W. Gregory alizitambua zana zake mwaka 1919, Louis na Mary Leakey wakaanza kuchimba katika miaka ya 1940, na tangu 1985 timu ya Taasisi ya Smithsonian ya Marekani chini ya Rick Potts imekuwa ikifanya kazi hapo pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Udongo mweupe unaouona kila upande ni mabaki ya viumbe vidogo vya majini, ngozi zao za kioo zikiwa zimerundikana chini ya ziwa. Uguse: ni mwepesi ajabu kwa jiwe, na unabaki vidoleni kama chaki. Juu ya udongo huo milima ya volkano ilimwaga majivu mara kwa mara, na majivu hayo ndiyo yanayowapa wataalamu tarehe, kwa sababu madini yake hupimwa umri maabara.

Kilele cha matembezi ni daraja la mbao lililojengwa juu ya eneo ambalo mashoka ya mkono yameachwa yalivyokutwa. Si kumi wala ishirini. Ni mamia, yamelala kana kwamba waliyatupa jana. Mtu asiyeelekezwa ataona rundo la mawe na kupita, kwa hiyo simama na mtoto, chagua jiwe moja, mfuate nalo hivi. Kwanza umbo: upande mmoja mpana, upande mwingine umechongoka, kama tone la maji. Pili uso wake: una mabonde madogo yenye kingo kali, kila bonde ni alama ya kipande kilichobanduliwa kwa pigo moja. Tatu, mwombe mwongozaji awaonyeshe upande wa pili wa lile analoruhusiwa kulishika: mabonde yapo pande zote mbili, jambo ambalo mto ukiviringisha jiwe haulifanyi. Nne makali: ukiyatazama kwa ubavu yanakwenda kwa mkunjo wa kushoto-kulia, kwa sababu fundi alikuwa akipiga upande mmoja kisha mwingine. Mtoto akishaona mambo hayo manne, ataanza kuyatafuta mwenyewe kwenye mawe mengine, na hapo safari imelipa. Mengi yamechongwa kwa mawe ya lava kutoka Mlima Olorgesailie wenyewe, unaouona pale pale mbele yako.

Mbele kidogo, chini ya kibanda, kuna mifupa ya tembo wa kale, Elephas recki, mkubwa kuliko tembo wa leo, ikiwa pamoja na zana za mawe zilizotumika kumkata nyama. Sehemu ya fuvu la zamadamu ilipatikana hapa mwaka 2003, lenye umri wa miaka 900,000 hivi. Hilo nalo usilitafute kwenye uwanja. Mifupa ya aina hiyo hupelekwa Nairobi.

Olduvai haina rundo kama hilo la kuonyesha. Nguvu yake ni korongo lenyewe, lenye urefu wa karibu kilomita 48 na kina cha mita 90 hivi, likiwa limekatwa na mto kupitia udongo wa miaka milioni 2. Kaa kwenye jukwaa la kutazamia mwongozaji anapoeleza, na msaidie mtoto kusoma rangi kutoka chini kwenda juu: mwamba mweusi wa lava kwenye sakafu, juu yake Tabaka la I, ambamo Zinjanthropus alikutwa, kisha la II, kisha lile jekundu la III ambalo hata mtoto wa miaka 5 hawezi kulikosa, likiwa limesimama katikati ya korongo kama ngome. Kanuni ni moja: kilicho chini ni cha zamani zaidi. Mtoto akiielewa hiyo, ameelewa nusu ya akiolojia.

Makumbusho mapya, yaliyofunguliwa mwaka 2017, ni mapana na yamepangwa vizuri kuliko chumba kidogo cha Olorgesailie. Sehemu inayovuta watu ni ya nyayo za Laetoli. Nyayo zenyewe ziko kilomita 45 hivi kusini, zina miaka milioni 3.66, na zimefukiwa makusudi. Zilipofukiwa mara ya kwanza mwaka 1979, udongo uliotumika ulikuja na mbegu za migunga. Miti ikaota na mizizi ikaanza kuingia kwenye tabaka la majivu. Katika miaka ya 1990 wahifadhi wakafukua upya, wakaondoa mizizi na kufukia tena kwa vitambaa maalumu na mawe. Ndiyo maana unaonyeshwa nakala. Lakini nakala hiyo haipunguzi kitu: utaona kisigino kimezama, na kidole gumba kimenyooka sambamba na vingine, si kama cha sokwe kinachoachana. Mwambie mtoto avue kiatu nje, akanyage vumbi, kisha alinganishe.

Kushuka korongoni hadi mahali alipokutwa Zinjanthropus kunawezekana kwa gari na mwongozaji, na kunalipiwa zaidi. Kwa mtu mzima anayeijua habari hiyo, kusimama pale kuna uzito wake. Kwa mtoto ni jiwe la kumbukumbu lenye maandishi na jua kali. Tungeacha kushuka na kutumia muda huo kwenda kuona mchanga unaohama, tuta la majivu meusi ya volkano kutoka Ol Doinyo Lengai, ambalo upepo hulisogeza mita kadhaa kila mwaka na vigingi vimewekwa kuonyesha lilipokuwa. Chembe zake zina chuma. Beba sumaku ndogo, hata ile ya mlango wa friji, na watoto hawatataka kuondoka. Ni mahali patakatifu kwa Wamaasai, basi msilipande.

Mnaotamani kuona wachimbaji wakiwa kazini, jueni kwamba timu za vyuo vikuu huja zaidi kati ya Juni na Agosti, na si kila shimo linaruhusu wageni. Miezi mingine mashimo yamefunikwa. Kuchimba mwenyewe hakupo popote kati ya hizi mbili.

Makumbusho ya mjini

Hapa jozi ya Kenya inashinda bila ubishi. Makumbusho ya Taifa ya Nairobi yalifunguliwa upya mwaka 2008, na ukumbi wake wa asili ya binadamu una chumba ambamo mafuvu na mifupa halisi ya zamadamu imewekwa, Kijana wa Turkana akiwa miongoni mwao. Ni chumba kidogo chenye mwanga hafifu. Zima mwako wa kamera, na ingia mapema, kwa sababu siku za shule mabasi ya wanafunzi huanza kushusha kuanzia saa 4 asubuhi na chumba hicho hakibebi madarasa mawili. Nenda huko kwanza, ndege na ngoma zifuate. Uani kuna sanamu ya Ahmed, tembo wa Marsabit mwenye meno marefu aliyelindwa kwa amri ya Rais Kenyatta hadi alipokufa mwaka 1974. Ni mahali pazuri pa kupumzisha wadogo baada ya mafuvu. Tenga saa 2 na nusu.

Jozi ya Tanzania ina pengo. Dar es Salaam, kwenye fuvu la Zinjanthropus, ni mbali mno na Olduvai kwa familia inayosafiri kwa gari, labda kama mnatoka Dar na mnaweza kupitia makumbusho wiki moja kabla. Makumbusho ya Elimu Viumbe Arusha, ndani ya boma la zamani la Wajerumani, yako njiani na yanaeleza mabadiliko ya binadamu kwa nakala. Saa moja inatosha. Yafanye siku mnayofika Arusha, yawatayarishe watoto, badala ya kuyaweka mwisho watu wakiwa wamechoka.

Lipi lianze, eneo au makumbusho? Kwa watoto wa miaka 9 na zaidi, makumbusho kwanza: wakifika Olorgesailie wanajua wanatafuta nini. Kwa wadogo, geuza. Mwongoze kwanza kwenye mawe na vumbi. Baadaye ndani ya kioo atatambua jiwe kama lile alilolionyesha kwa kidole mwenyewe.

Ni nani aende wapi

Mtoto wa chini ya miaka 6 hana faida na Olduvai kama Olduvai. Hata Olorgesailie mtegemee kwa saa moja tu, kisha kivuli na chakula. Kigari cha kusukumia mtoto hakipiti kwenye njia zile za mawe, mbebe mgongoni. Kati ya miaka 7 na 12, Olorgesailie ndilo chaguo, kwa sababu umri huo unataka kuona kitu na kukihesabu, na kule vipo vya kuhesabu. Kuanzia miaka 12, mtoto anapoanza kuelewa muda mrefu na kuuliza "wamejuaje?", Olduvai inampa jibu lililochorwa ukutani.

Lakini kuna hesabu moja inayobadilisha yote. Kama tayari mnakwenda Serengeti kupitia Ngorongoro, Olduvai iko njiani, na inawagharimu saa mbili tu za ziada. Hapo msiipite, hata mkiwa na mtoto wa miaka 4. Tena mtoto aliyechoka na mifupa ana twiga na pundamilia dirishani. Olorgesailie haina fidia hiyo. Ukiwa na mtoto asiyependa mawe, hakuna kingine cha kumwonyesha ila ndege. Kwa ufupi, Olduvai haistahili kufungiwa safari peke yake kwa watoto wadogo, na haistahili kurukwa ukiwa mlangoni pake.

Ada na malipo

Viwango vya pande zote mbili hutofautiana kwa raia, mkazi na mgeni, na hubadilika, kwa hiyo angalia vya sasa kwenye tovuti ya taasisi husika wiki ya safari. Kilicho muhimu zaidi ni muundo wake.

Kenya unalipa kiingilio kimoja cha eneo, kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni. Lipa ukiwa bado mjini na uhifadhi risiti kwenye simu kama picha, kwa sababu mtandao kule bondeni hauaminiki na kungoja ujumbe uingie huku watoto wako juani ni adhabu. Kiingilio cha makumbusho ya Nairobi ni kingine.

Tanzania ada zinarundikana. Kuna ya kila mtu kuingia Hifadhi ya Ngorongoro, kuna ya gari, kuna ya Olduvai yenyewe, na mkitaka kushuka kasoko kuna ada ya gari ambayo ni nzito kuliko zote. Malipo ni kwa namba ya malipo au kadi. Usifike Loduare na noti mkononi ukitegemea kumalizana hapo. Kibali kinahesabiwa saa 24 tangu kuingia. Anayekwenda Serengeti na kurudi kwa njia ile ile analipa Ngorongoro mara mbili, na wengi hugundua hilo wakiwa kwenye geti la kurudi. Raia wa Afrika Mashariki anapata kiwango cha chini sana, ila athibitishe: beba kitambulisho cha mtu mzima na cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, hati yenyewe au nakala iliyo wazi. Bila hiyo karani hana namna.

Familia ya Kenya inayovuka Namanga kwa gari lake iongeze muda wa mpakani: hati za kusafiria za kila mtoto, kibali cha muda cha gari, bima ya gari ya Kadi ya Njano (COMESA) inayofika Tanzania. Magari yenye namba za kigeni hutozwa zaidi hifadhini. Mara nyingi ni nafuu kuacha gari Arusha na kukodi la huko na dereva wake.

Yanayoharibika

Maji. Olorgesailie iko mita 1,000 tu juu ya bahari na joto lake si la Nairobi. Hesabu lita 2 kwa mtu mzima na lita moja na nusu kwa mtoto kwa nusu siku, mbali na ya kunawa. Anza matembezi lango linapofunguliwa asubuhi; ukianza saa 6 mchana, daraja lile la mbao ni kikaango, watoto wanalia, na mwongozaji atawakatia maelezo kwa huruma. Viatu viwe vya kufunika, maana miiba ya migunga inapenya ndara bila shida. Kofia yenye ukingo, si kapelo, kwa sababu jua linapiga shingo.

Mifuko ya suruali. Mtoto ataokota jiwe. Hiyo ni hakika. Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na zote zinakataza kuondoa vitu hivi. Kagueni mifuko kabla ya kuingia garini, kwa utani, bila kuogofya. Mweleze sababu halisi: jiwe likishatoka kwenye tabaka lake halina tena umri wala majirani, na hakuna maabara itakayorudisha habari hiyo. Jiwe lililookotwa lisirudishwe popote tu. Mpe mwongozaji na umwonyeshe lilipotoka.

Mvua. Machi hadi Mei udongo mweusi wa nyanda za Olduvai hugeuka utelezi na hata 4x4 hukwama, na barabara ya kasoko huzama kwenye ukungu. Olorgesailie inafikika mwaka mzima, ila makorongo madogo hufurika ghafla. Mvua ikiwa imenyesha usiku, piga simu kwanza. Wanaotaka kulala Olorgesailie watakuta mabanda ya kawaida na nafasi ya mahema. Chukulia kwamba unabeba kila kitu: chakula, maji, matandiko, taa.

Kama hizo mbili haziko njiani mwenu

Wanaokwenda Nakuru wana Kariandusi, karibu na Gilgil na Ziwa Elementaita, si mbali na barabara kuu. Louis Leakey alilifikia mwishoni mwa miaka ya 1920. Mashoka yake mengine ni ya kioo cha volkano, jeusi linalong'aa, na saa moja inatosha kuona yote. Ni Olorgesailie ndogo bila safari ya Olorgesailie.

Kwa walio nyanda za juu kusini, Isimila iko kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini, njia ya Mbeya. Ina zana za mawe, mabaki ya kiboko wa kale aliyekuwa na macho yaliyochomoza juu kuliko wa leo, na nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mmomonyoko, ambazo watoto huzipenda kuliko zana zenyewe. Unateremka kwenye kitanda cha kijito cha mchanga kuzifikia. Masika kijito hicho hujaa, kwa hiyo muulize mlinzi kama kumenyesha milimani kabla ya kuwashusha watoto.